Ombi la Kuwazuia Wasomaji Wasiingie Maktabani

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maktaba ya Mafundi Saa.

Nakuandikia kuomba wasomaji wapigwe marufuku kuingia katika maktaba yetu. Ingawa wewe ni mjomba wangu, kaka yake mama toka nitoke, nimeona nisilizungumze jambo hili mezani kwenu, maana la kiofisi huandikwa.

Kama ujuavyo, nina shahada, ingawa si ya ukutubi, na tangu nihitimu najitolea hapa nikingoja Kamati inithibitishe kuwa mkutubi. Nilipofika nilikuta vitabu shaghalabaghala: vya saa za mkononi vimekaa na vya saa za mkononi, vya saa za ukutani na vya saa za ukutani, kana kwamba hakuna aliyewahi kufikiri. Nikavipanga upya kwa urefu. Sasa rafu zinateremka kama ngazi, na mtu akisimama mlangoni hana budi kuguna kwa kuridhika. Kazi hii, kwa masikitiko, inahujumiwa na wasomaji kama ifuatavyo:

1. Wanachukua vitabu. Hili pekee lingetosha. Kitabu kikitoka huacha pengo kama jino lililong'oka, na kikirudi huchomekwa popote, kifupi katikati ya virefu, kama mtoto aliyejipenyeza kwenye picha ya harusi.

2. Wanaulizia vitabu kwa mada. Juzi fundi mmoja, mama wa makamo tumwitaye Lenzi kwa kuwa kile kioo chake cha kukuzia hakibanduki jichoni, alitaka kitabu cha springi za saa za mezani. Nikamuuliza kwa adabu kina urefu gani. Akanijibu mbele ya watu, "Mwanangu, hapa tunatafuta kitabu au tunapanga gwaride?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi sikucheka.

3. Hawasomi kama wasomaji. Hufungua kitabu, hufungua na saa, kisha skrubu ikidondoka wote huingia chini ya meza wakipapasa sakafu: "Usikanyage! We msomi, usikanyage!" Nami hulazimika kusimama kwa mguu mmoja mpaka ipatikane. Katika mkao huo, Mheshimiwa, heshima ya shahada haionekani.

4. Kila anayeingia huitazama saa yetu ya ukutani, husonya, kisha huirekebisha ifuate ya kwake. Wiki iliyopita, siku moja tu, tulifunga, tukafungua, tukafunga tena.

Kwa hoja hizo, naomba mlango ufungwe kwa wasomaji moja kwa moja. Nimekwisha kuanza majaribio, na nina furaha kuripoti kwamba hakuna kitabu kilichosogea. Maktaba haijawahi kufanya kazi vizuri namna hii. Naomba Kamati iuzingatie ufanisi huo itakapojadili nafasi yangu.

Nifikishie salamu kwa mkazamjomba, kwa wajumbe wote, na kwa mlinzi wa lango, ambaye siku hizi ndiye pekee anayenisalimu.

Wako katika utumishi uliotukuka,
Mkutubi wa Kujitolea (Mwenye Shahada)

Tanbihi: Mjomba, kabla sijaifunga bahasha, katibu wa Kamati amepita. Kakuta meza tupu, kaniuliza wasomaji wako wapi, nami nikamweleza kwa fahari. Akashika kichwa. Kumbe mnakuja kukagua kama chumba hiki bado kina wasomaji. Kikikosa, kitageuzwa stoo ya viti, na stoo haina haja ya mkutubi! Tafadhali hoja zote nne zihesabu kuwa sifa. Nimezunguka karakana moja baada ya nyingine nikiwabembeleza mafundi, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Lenzi amekubali kuwaleta wenzake wote, kwa sharti kwamba vitabu vikae tena kwa mada, na skrubu ikidondoka nami niiname. Nimekubali yote mawili. Goti la suruali ya mahafali limekwisha kuchafuka. Basi tukutane hapa Jumamosi, saa nne asubuhi, kwa saa yako, si kwa ile ya ukutani.