Mianzi kwa Magoti ya Mama

2 Agosti, Jumamosi

Mama ametuita leo, mimi na mdogo wangu Shamsudin. Magoti yake hayaziwezi tena ngazi za ile nyumba ya juu, Kibokoni. Ngazi thelathini na moja, na wima mtupu. Atahamia kwa mmoja wetu. Atatangaza ni kwa nani Ijumaa ya tarehe kumi na tano, baada ya chakula cha mchana. Kwa Shamsudin alishakaa Ramadhani nzima. Kwangu atakuja wiki ijayo, naye ajionee.

Shamsudin hakungoja hata kahawa ipoe. Akaanza kuisifu nyumba yake ya Ganjoni na marumaru yake meupe, kwamba mtu akiinama anaiona sura yake. Nikamwuliza nani ana haja ya kuiona sura ile. Kisha nikamkumbusha Mama jinsi baridi ya marumaru inavyopanda magotini mwezi huu wa Agosti. Mama akayashika magoti yake. Bao langu la kwanza.

Tatizo ni kwamba sakafu yangu mwenyewe ni saruji ya zama za babu, nyufa kila mahali, na baridi yake ni ile ile. Lakini mtu hafanyi kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini miaka kumi na tisa asijue mambo. Mteja wangu mmoja huleta mbao za mianzi kutoka China, za kutandika sakafuni. Ubao huchomekwa ndani ya ubao mwenzake, bila msumari. Zina uvuguvugu chini ya unyayo. Nimeagiza maboksi kumi na manne.

Mke wangu Saadia anauliza ya nini yote haya. Anasema wenziwe Mama wote wako mtaa huu huu, na Mama atakuja kwetu hata tukilalia mchanga. Nimemwambia hajui mashindano.

4 Agosti, Jumatatu

Maboksi yamefika kwa mkokoteni, maana vichochoro vyetu havipishi gari. Majirani wametoka milangoni. Mmoja ameuliza kama nafungua duka la ngazi. Husuda hiyo.

Fundi Kenga amekuja kuangalia kazi. Ametandika sakafu za hoteli huko Nyali, na hilo haachi kulitaja. Kwanza, kasema maboksi yafunguliwe, yakae sebuleni siku tatu ili mbao ziizoee hewa ya nyumba. Nimemjibu zimekaa bandarini wiki sita, hewa ya Mombasa zinaijua kuliko yeye. Pili, eti niache pengo la upana wa kidole kuzunguka kuta zote, kwa sababu mianzi hunywa unyevu ikatanuka. Pengo! La nani, mende? Sikununua sakafu ili niwajengee mende barabara.

Kenga akafunga mkoba wake, akasema kwa adabu kwamba siku nitakapomhitaji nimpigie simu. Siku hiyo haipo.

5 Agosti, Jumanne

Nimechukua likizo. Kazi naifanya mwenyewe. Nimepata video katika simu, fundi anaeleza kwa Kichina, lakini mikono yake naielewa. Magotini nimefunga mito miwili ya Saadia kwa vipande vya leso.

Nyumba za Mji wa Kale hazina ukuta ulionyooka. Safu ya nne ilikuwa imeshaanza kuelekea chooni. Nimebomoa, nimeanza upya. Saadia amepita akauliza kama mito ile ndiyo ya wageni. Ndiyo.

7 Agosti, Alhamisi

Nimemaliza! Safu ya mwisho ilikaidi. Niliipiga nyundo, kisha nikaegemeza mgongo ukutani nikaisukuma kwa miguu yote miwili, ikaingia kwa kishindo. Sasa hata wembe haupenyi kati ya ubao na ukuta. Natamani Kenga angepita aone.

Dosari ndogo tu. Mlango wa chumba cha Mama hufungukia sebuleni, nayo sebule sasa imepanda. Mlango hausogei. Saadia alikuwa ndani anatandika kitanda. Nimempa chai kupitia dirishani, naye amenipa maneno ambayo sitayaandika. Ikabidi niung'oe mlango kwenye bawaba na kuukata chini kwa msumeno. Nimezidisha kidogo. Paka wa jirani anaingia bila kuinama.

9 Agosti, Jumamosi

Mama amefika. Shamsudin ndiye aliyembebea mkoba. Amevua viatu, amezunguka sebule yote akikanyaga kwa vidole, kisha akasema sakafu ni nzuri. Sikumwamini hata kidogo.

Mama alisimama katikati akafumba macho. Akasema miguu yake haijapata joto hivi tangu marehemu Baba alipokuwa akimkanda. Nikamtazama Shamsudin. Akatazama dari. Nimeshinda, nimeshinda, nimeshinda. Zimebaki siku sita za kuhesabu tu.

Halafu Mama akauliza ndoo iko wapi.

10 Agosti, Jumapili

Nilisahau, na ni kosa la kila mtu kutonikumbusha. Mama huosha nyumba kila asubuhi baada ya Swala ya Alfajiri. Hapangusi, anaosha. Ndoo nzima inamwagwa, fagio la chelewa linafuata, kisha tambara. Ameanza akiwa bi harusi na hajaacha siku moja, hata alipokuwa na homa.

Nimemweleza taratibu kwamba mianzi haitaki maji, inatosha kupitishiwa kitambaa kilichokamuliwa. Kaniambia anayejipangusa ni paka, nyumba huoshwa. Hakukasirika. Alinitazama tu kama mtu aliyegundua kwamba mtoto wake hanawi uso.

12 Agosti, Jumanne

Taarifa ya vita. Jana nimezipandisha ndoo zote juu ya paa. Mama kaazima ya jirani. Nikawaambia majirani daktari amemkataza Mama kuinua kitu kizito. Leo wamewatuma binti zao wawili waje wamsaidie, kila mmoja na ndoo yake. Sebule ilioshwa mara mbili.

Nikafunga bomba kuu, nikasema maji yamekatika mtaa mzima. Mama akaishika ndoo ya kuazima. Akachota kwenye pipa la akiba.

Saa nne tuktuk ikasimama mwisho wa kichochoro. Dereva ameleta zawadi ya Mama kutoka kwa mwanawe wa Ganjoni. Ndoo. Ya buluu, kubwa, ina mfuniko. Mama kamwombea Shamsudin dua ndefu. Ndugu wa tumbo moja, kunitilia mchanga kitumbua changu namna hii! Sitasahau.

Saadia anasema nimwambie Mama ukweli, kwamba nimetandika sakafu ile kwa ajili yake na naogopa iharibike, atanielewa. Sitamwambia. Mama asije akaona kwamba kwangu kuna masharti.

14 Agosti, Alhamisi

Likizo imekwisha. Nimerudi kutoka kazini nikakuta sebule ina kilima. Katikati kabisa. Ukikanyaga kinashuka, ukiondoka kinapanda. Mama kaniuliza kwa sauti ya chini kama tumezika kitu.

Nimeweka kochi juu yake. Kilima kikahamia dirishani. Nikaweka magunia mawili ya mchele. Kikaenda upande wa chumba cha Mama. Nikamwomba Saadia akalie hapo kidogo, akaenda kwa jirani.

Huko kwa jirani ndiko alikompigia Kenga simu, bila ruhusa yangu. Amekuja, amepiga goti moja, amegonga ukutani kwa kucha. Kasema mbao zimetanuka hazina pa kwenda. Tukate ukingo upana wa kidole, kazi ya saa mbili, sakafu italala yenyewe. Saa mbili! Na kesho Shamsudin aje akute nimekatakata kazi yangu kwa ushauri wa mtu niliyemfukuza? Nimemshukuru, nimemsindikiza mpaka mlangoni. Nimevuta kabati zito karibu na mlango wa Mama. Kilima kimetulia. Nilijua kitatulia.

15 Agosti, Ijumaa

Hakikutulia.

Alfajiri nimeamshwa na sauti ya Mama akiniita kutoka chumbani. Sakafu imepanda, imelipindua kabati, nalo limeuegemea mlango na kuubana. Mama anataka kutoka kutawadha. Nimesukuma, nimevuta. Adhana imekwisha. Akaniambia kupitia upenyo wa chini, kwa upole, kwamba jua litachomoza. Upole ule ulinichoma kuliko kelele.

Saadia akampigia Kenga. Alikuja na patasi, akang'oa mbao tatu ukutani, sakafu ikalala, tukaliinua kabati, mlango ukafunguka. Dakika tano. Hakusema lolote kuhusu kidole. Angalau angesema, tungepigana.

Mama aliwahi swala, dakika za mwisho. Alipomaliza, niliona mkoba wake umefungwa kitandani.

Mchana Shamsudin akaja. Biriani ya Saadia ikaliwa ikaisha. Kisha Mama akasema atahamia Ganjoni. Kasema tangu mwezi wa Julai moyo wake ulikuwa umeshaamua kuja kwangu, kwa kuwa wenziwe wako hapa, na mimi ndiye mkubwa. Maneno ya kutangaza Ijumaa aliyasema ili Shamsudin asijione ametupwa. Lakini hawezi kukaa mahali anapofichwa ndoo, kwa sababu anayefichwa vitu vya nyumba ni mgeni, naye hakuja kwangu kuwa mgeni.

Yamenikata maini. Nilitaka kumwambia sakafu ile ni yake, kila ubao. Nikasema kosa ni la ndoo ya Shamsudin. Mama akaniambia nishushe sauti.

17 Agosti, Jumapili

Nimekwenda Ganjoni kumwamkia. Nimekuta marumaru yamejaa maji, Mama ana fagio mkononi, anacheka, na Shamsudin kakunja kanzu anamshikia ile ndoo ya buluu. Nikaambiwa nipandishe miguu juu ya kiti. Nikaipandisha.

Alipoketi, nilimwona. Aliyashika magoti akayasugua, upande mmoja, kisha wa pili. Wote walikuwa wanaongea, hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Nilisema tangu mwanzo. Baridi! Wamempa maji, wamemnyima joto, na mama ni wangu pia.

Nimefikiri pale pale kitini. Mianzi haina kosa. Kosa ni kwamba nilimwachia nafasi ya kuosha, na maji yakapata pa kuingilia.

Jumamosi ijayo Shamsudin na mkewe wanakwenda Malindi harusini, siku mbili. Nimejitolea kukaa na Mama. Shamsudin amenishukuru sana, mpaka akanikumbatia. Maboksi matatu yapo ambayo sikuyafungua, na chumba cha Mama cha huko Ganjoni nimekipima kwa hatua nilipojifanya naenda kunawa. Yanatosha. Nitaanza Mama akienda kuwaona wenziwe. Mara hii mbao nitazikaza mpaka ukuta ulie, na ndoo ile ya buluu nitaitoa mapema, niipeleke nayo juu ya paa.