Umoja wa Wenyeji Halisi

Jumanne, 1 Julai 1975

Mkutano wa kijiji. Nimezungumzia unyonyaji mpaka koo limekauka. Mabepari! Makabaila! Mirija! Watu wamepiga miayo. Kisha akasimama Ponsian, mpinzani wangu wa ukatibu wa kijiji, akasema jambo moja tu: wakimbizi wa Burundi waliohamia kwetu walime nasi shamba la pamoja na wagawiwe sawa na sisi. Makofi! Vigelegele! Hata Mama yangu mzazi!

Basi. Mimi ni mjamaa wa kweli. Mali iwe ya wote. Lakini hao wote ni akina nani? Naanzisha Umoja wa Wenyeji Halisi. Dai la kwanza: Donatille, mkimbizi aliyepewa kiwanja kando ya nyumba yetu, ahamishwe. Mwenyekiti ni mimi.

Alhamisi, 3 Julai

Kikao cha kwanza, uani kwetu. Wamekuja Mzee Gelasius, Damiano na Ngolo. Nimefungua kwa kuuliza mwenyeji halisi ni nani. Kosa kubwa! Mzee Gelasius akasema ni Wapimbwe. Damiano akasema Wakonongo walikuwa hapa wakati Wapimbwe bado wanaulizia njia. Kisha wote wawili wakamgeukia Ngolo, Msukuma, wakamuuliza ng'ombe wake walizaliwa wapi. Ngolo akasimama, akabeba kigoda alichokuja nacho, akaenda zake.

Mama akatoka jikoni na togwa. Akatukumbusha kwamba marehemu baba alifika huku kutoka Ufipa, kabeba kitanda cha padri kichwani. Damiano alicheka mpaka togwa ikamtokea puani.

Umoja umebaki na mwanachama mmoja. Angalau hatubishani.

Jumamosi, 5 Julai

Nimekwenda Sitalike kutafuta wanachama. Hola! Nimerudi na hasira, namwita Mama tangu njiani. Akatokea Donatille mlangoni kwetu. Kwetu! Akaniambia nipunguze sauti, mgonjwa kalala. Kumbe asubuhi homa ilimwangusha Mama kando ya kisima. Donatille akambeba mgongoni mpaka zahanati, Mama akachomwa sindano, kisha Donatille akamrudisha, akamwogesha, akampikia uji.

Nikasema ahsante. Ilitoka kwa shida. Nikamuuliza kwa nini amejichosha hivyo kwa mtu asiye wake.

"Mama yangu hakuweza kutembea," akasema. "Tulipokimbia nilimwacha njiani, kaka Eustace. Huyu nisingeweza."

Nimekwenda kupasua kuni. Nimepasua na zile za mwezi ujao.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Sherehe uwanjani. Nilikuwa nimeomba nafasi ya kutangaza dai langu. Nimesimama mbele ya watu wote. Nikamwona Mama mkekani, kajifunika blanketi, kichwa begani kwa Donatille, na Donatille anamfukuzia inzi.

Nikafungua mdomo. Nikajisikia nasema kiwanja kile ni cha Donatille, na atakayetaka kumhamisha aanze na mimi. Makofi! Kwa ajili yangu! Mama akalia. Ponsian akaja kunikumbatia. Nimemruhusu, kidogo.

Donatille hakupiga makofi. Alilivuta blanketi mpaka kidevuni kwa Mama, kisha akanitazama, akatabasamu. Sijala tangu hapo. Wala sisikii njaa.

Jumatano, 9 Julai

Mama kapona, anagombana na kuku. Na mimi macho yamefunguka! Warundi, Wasukuma, Wafipa, wote ni watu wetu. Tatizo ni wale wa ng'ambo ya mto! Wanatumia maji yetu yakipita kwao. Nimeanzisha Umoja wa Upande Huu wa Mto. Nimemwomba Donatille awe katibu.

Akaniuliza kama nimewahi kuzungumza na mtu yeyote wa ng'ambo. Nikasema hilo halihitajiki. Akanipa jembe, akasema anakwenda bustanini, nikitaka nimfuate.

Nimemfuata. Tumepalilia mboga bega kwa bega mpaka mgongo ukaniuma kwa raha. Hapo ndipo aliponiambia kuwa shangazi yake anaishi ng'ambo ya mto.

Nimefikiri sana. Shangazi tutampa uanachama wa heshima. Wengine, hapana!