Kikopo cha Momanyi

Jumatatu, 4 Machi 2024
Siku ya tatu tumbo linamwendesha Momanyi wangu. Mtoto wa mwaka na nusu, macho yameingia ndani! Zahanati wamenipa zinki, chumvi ya pakiti ya kukoroga kwa maji, na kikopo cha kifuniko chekundu nilete choo. Ochanda wa maabara, mtu wa ziwani, anasema ati vijidudu vinavyoendesha watoto vimegawanyika kwa koo kama sisi Wakisii. Jina moja, lakini huyu Mgetutu, yule Mgirango, na dawa inayomuua huyu, yule anaitafuna tu. Nikamwuliza kama vinatoa mahari pia. Akacheka mpaka kalamu ikaanguka.

Halafu akasema nyumba ya mwenye choo kibaya itatembelewa na watu wa afya, wakague usafi. Nyasae, Mungu wangu! Mama mkwe akisikia? Tayari anaimba kila siku kwamba Loice, mke wa shemeji yangu, anaosha hata kuni.

Jumanne, 5 Machi
Loice ameenda kuchuma chai, ameniachia Bitutu wake kama kawaida. Mtoto mzima, mashavu kama maandazi. Naye ana kikopo, maana wanataka wazima pia ili walinganishe. Ameniomba nimjazie.

Bitutu akakaa kwa poti. Nikachungulia. Choo cha heshima! Choo cha watu wenye tenki la maji! Nikajaza kikopo cha Loice. Kilichobaki nikatia cha Momanyi, nikakoroga na maji kidogo kifanane na cha mgonjwa. Cha mtoto wangu nimezika nyuma ya migomba. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 11 Machi
Majibu. Choo cha Momanyi kina kijidudu kikali, kile cha kutafuna dawa ya kawaida. Choo kile cha heshima! Kumbe mtoto anaweza kukibeba na asiugue. Nikamcheka Loice moyoni, dakika moja hivi. Halafu nikaona daktari anamwandikia mtoto wangu dawa kali. Nikaipokea. Nimempa. Ametapika yote.

Alhamisi, 14 Machi
Ochanda amepiga simu: njoo, na Loice aje. Akaweka karatasi mbili mezani. Watoto mia mbili, Kisii na Nyamira, hakuna wawili ambao vijidudu vyao vimefanana kabisa. Hata mapacha wa Nyamarambe wametofautiana. Lakini Momanyi na Bitutu ni sawasawa, mpaka mwisho. Loice akanigeukia, akauliza kama Bitutu wake nilimzaa mimi.

Ningekataa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikatae. Lakini Momanyi alikuwa amelala begani kwangu, na nesi alipomdunga sindano hapo hapo hakulia. Mtoto anayelilia hata jogoo! Nikasema yote.

Ochanda hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba siku tisa zimepotea, na hizi tatu za mwisho mtoto amekunywa dawa ya kijidudu cha mwenzake. Mtoto akalazwa, Loice akanibebea mfuko mpaka wodini. Njiani akaniambia, Mama Momanyi, si ungeniomba tu sabuni?

Jumapili, 17 Machi
Wamepima choo chake mwenyewe. Ukoo mwingine kabisa! Dawa ya kawaida, ile ya bei ya soda, inamuua huyo mara moja. Ingemuua tangu wiki iliyopita. Ninalifikiria hilo nikikunja nepi, linanichoma.

Leo Momanyi amekunywa uji kikombe kizima, akanipiga kofi la pua. Nimelia kwa furaha. Mama mkwe amekuja na ndizi, ameketi kitandani, akasema hata mume wangu aliendesha hivi hivi utotoni, na mwenye kutunza nyumba alikuwa yeye mwenyewe. Sasa mimi nilikuwa naogopa nini? Nimeapa mbele ya ndizi zile: choo sitakibadilisha tena. Choo cha mtoto wangu ni choo cha mtoto wangu.

Jumatano, 20 Machi
Tuko nyumbani. Ochanda amenipa chupa, nilete maji tunayokunywa, wajue kijidudu kilitoka wapi. Sasa maji yetu ni ya kijito, mengine yana majani. Nani atapeleka chupa kama hiyo?

Nimeapa kuhusu choo. Maji sikuapa.

Loice yuko kwa shamba la chai. Momanyi na Bitutu wanagombania kijiko uani. Chupa nimeijaza kwa tenki lake, inang'aa kama kioo. Nimetia udongo kidogo, maji yafanane na yetu.