Barabara ya Juu ni Mita Sita

Jumapili, 17 Agosti

Mke wangu Nyanchera ametangaza. Mwaka huu halali chini. Mwaka jana, kwenye makambi ya kanisa, mvua iliingia hemani, godoro likaelea, na nyonga yake haikunyooka hadi Oktoba. Hajakosa ufunguzi wa makambi kwa miaka thelathini na mmoja. Ijumaa hii, kule Magwagwa, yeye ndiye wa kuanzisha wimbo wa kwanza. Lakini bila kitanda haendi, na wimbo utaanzishwa na Esnah.

Esnah ni mke wa jirani yetu Ogari, mzee wa kanisa, mwenye hema kubwa kuliko darasa. Sauti ya Esnah naifahamu. Haifai.

Baada ya chakula Ogari alipita hapa. Akasema kwamba hemani mwake mna kitanda cha ziada, na Mama Lorna anakaribishwa. Nilimshukuru kwa adabu na kumkatalia haraka, kabla Nyanchera hajatoka jikoni. Mke wa mwalimu mkuu mstaafu hawezi kulala kwa hisani ya mtu ambaye nepia yake, majani ya ng'ombe, imelalia barabara ya umma.

Nina mpango.

Jumatatu, 18 Agosti

Leo nilikwenda Birongo. Walter, niliyemfundisha hesabu na ambaye sasa ana gereji, ana karavani! Nyumba kamili juu ya magurudumu mawili. Kitanda. Mapazia. Hata sinki. Aliipata mnadani. Hukokotwa na gari, na pikapu yangu inaiweza. Ameniazima bure, kwa sababu, alisema, bila mimi asingejua kugawanya.

Alinionya jambo moja. Upana wa karavani ni mita mbili na robo, nayo haipendi kurudi nyuma. Ukiirudisha huku, yenyewe huelekea kule. Barabara nyembamba, omogaka, mzee wangu, uziepuke kabisa.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nina simu. Binti yetu Lorna aliniletea Desemba. Ndani yake mna ramani inayoongozwa na setilaiti, pamoja na mwanamke anayekueleza pa kupinda. Jioni nimegundua kwamba unaweza kumwandikia upana wa gari lako, naye akaziepuka barabara nyembamba zote.

Ogari ana hema. Mimi nina setilaiti.

Jumanne, 19 Agosti

Nimegundua zaidi. Ramani hiyo hupokea masahihisho kutoka kwa raia wema. Nimesahihisha maisha yangu yote.

Kutoka njia panda iliyo mbele ya boma letu hapa Gesima, kuna barabara mbili za kwenda kwenye lami ya Nyamira. Ya chini inapita kwa Ogari. Ya juu inapita kwenye chai yangu. Nimeandika kwamba ya chini ni mita mbili, kwa sababu ya nepia. (Nimekwisha kumwandikia chifu barua nne.) Ya juu nimeandika mita sita, kama inavyosema ramani ya wapima ardhi ninayoihifadhi ndani ya Biblia.

Nyanchera aliniuliza kama nilitoka nje kupima. Nikamjibu kwamba serikali ilikwisha kupima. Akauliza, kwa upole, kuhusu ile mistari mitatu ya chai. Nikamweleza kwamba chai iko kando ya barabara. Mstari wa kwanza niliupanda mwaka 1998, mahali palipokuwa pamekaa bure. Wa pili, 2007. Wa tatu, 2016, ili kuunyoosha wa pili. Hakuna aliyelalamika.

Ogari alilalamika. Wivu.

Alhamisi, 21 Agosti

Masahihisho yangu yamekubaliwa! Ramani sasa inasema waziwazi: barabara ya juu, mita sita. Nilimwonyesha Nyanchera. Jambo likithibitishwa kutoka angani, ubishi umekwisha.

Ushindi wa pili: chifu amemwamuru Ogari afyeke nepia, naye amefyeka yote. Barabara ya chini sasa ni pana kama uwanja wa shule. Ningeweza kuirekebisha ramani. Sikuona haja. Ogari asije akadhani anasifiwa.

Jumapili, 24 Agosti, Magwagwa

Ya Ijumaa nayaandika leo. Ijumaa sikupata nafasi, na jana ilikuwa Sabato.

Saa nane mchana karavani ilifika njia panda kutoka Birongo, imetulia kama mwanakondoo. Nyanchera akapanda pikapu na kitabu chake cha nyimbo. Mwanamke wa simu akasema tupite barabara ya juu, kwani ya chini ni nyembamba. Wakati huohuo lori la Ogari liliingia barabara ya chini likiwa na hema lote, na nafasi ikabaki pande zote mbili. Esnah alipunga mkono.

Nilisita kidogo. Lakini simu ilikuwa imethibitisha mita sita. Sikukumbuka ni nani aliyeiambia. Nikapinda.

Nyanchera alisema kwamba kwa miaka thelathini na tisa amekuwa akinielekeza pa kupinda, na hajawahi kutiiwa kwa kasi hiyo.

Mita mia mbili. Kona. Ubavu wa karavani ukakwaruza mstari wa tatu wa chai. Nikakanyaga mafuta. Ikaingia mstari wa pili. Nikarudi nyuma, ikaelekea mtaroni. Nikaenda mbele, ikarudi kwenye chai. Mara saba! Mwanamke wa simu akanishauri niendelee moja kwa moja kwa kilomita mbili.

Saa kumi. Hapo nilianza kuogopa. Jua likizama Sabato imeingia, na hakuna yeyote kati yetu ambaye angeinua jembe hadi jua la kesho yake lizame. Tungelala pale, kwenye kona, huku makambi yakifunguliwa bila yeye.

Nyanchera alishuka, akalitazama jua, akayatazama magurudumu. Kisha akaingia kwenye karavani, akaketi kitandani ili apumzishe nyonga. Hakunigombeza. Alianza kuimba taratibu ule wimbo wa Magwagwa, peke yake, mbele ya sinki. Ingekuwa afadhali kama angenigombeza.

Ndipo Ogari alipotokea kwa miguu. Alikuwa ametungoja kwenye lami, akaona kimya, akaliacha lori litangulie. Alibeba panga na majembe mawili ya kuchimbia mitaro ya hema. Akaizunguka karavani mara moja. Nilingoja azitaje barua zangu. Hakuzitaja.

"Mwalimu," alisema, "tukate karavani au tukate chai?"

Nilianza kumweleza habari za ramani. Dirisha la karavani likafunguka.

"Baba Lorna," Nyanchera alisema, "kitanda hiki ni kizuri. Ningependa kukilalia Magwagwa."

Nikavua koti.

Mashina kumi na saba. Mengine tuling'oa, mengine tulikata hadi udongoni. Kila moja nilikuwa nimelipanda kwa mkono wangu. Ogari alifanya kazi huku akiitikia wimbo wa Nyanchera, vibaya sana. Kufikia saa kumi na moja karavani ilipita, na Ogari akapanda nasi. Alikaa katikati, majembe magotini, na kila simu ilipotuelekeza alisema amina.

Tuliingia Magwagwa saa kumi na mbili na robo, jua bado likionekana juu ya kilima. Watu walituacha tupite kama harusi. Nyanchera alikwenda moja kwa moja mbele, akaanzisha wimbo. Nilisimama nyuma na udongo kwenye magoti. Sijawahi kumsikia akiimba vile.

Jana asubuhi aliamka bila kuishika nyonga. Akaniambia kwamba Jumapili ile alikuwa mlangoni pa jikoni, akanisikia nikikikataa kitanda cha Ogari. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alitaka kuona nitamletea nini badala yake.

Nilimshukuru Ogari mbele ya watu. Kwa ufupi.

Jumatatu, 1 Septemba, Gesima

Makambi yamekwisha. Juzi mvua ilizamisha magurudumu ya karavani uwanjani mwa kanisa, kwa hiyo jana tuliiacha Magwagwa, tukarudi na pikapu tupu. Nyanchera anatembea bila fimbo. Wimbo ule anauimba hata akimenya ndizi.

Asubuhi nilikwenda kuitazama kona. Nilihuzunika. Pengo! Udongo mwekundu, mzuri, umelala bure. Kitaluni nilikuwa na miche ishirini ya chai. Nimepanda kumi na saba palepale. Ile mitatu iliyobaki imekuwa mwanzo wa mstari wa nne. Nimeizungushia yote nguzo imara na seng'enge, kwa sababu ya mbuzi.

Ogari alipita na jembe begani. Alisimama kwa muda mrefu akizitazama nguzo. Kisha akauliza kama karavani ya Walter imekwisha kurudi Birongo. Nikamjibu kwamba bado. Akasema sawa, Mwalimu, na kwamba majembe atayaweka karibu na mlango. Sikuelewa ana maana gani. Uzee, nadhani.

Jioni Walter alinipigia simu. Uwanja wa kanisa umekauka, naye anaihitaji karavani kesho. Nikamwambia nitaipitisha hapa Gesima, aitarajie adhuhuri. Akaniuliza kama njia ni nzuri. Nilifungua ramani ili nimpe jibu la uhakika. Barabara ya chini bado ni nyembamba, mita mbili tu. Ya juu ni mita sita.