Kichwa Kilichomfukuza Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Mkataba wangu na Mama Tanuri unaisha Ijumaa. Ndiye mteja wangu pekee tangu nistaafu ualimu. Yeye ana kiwanda cha mikate, mimi ni mshauri wake wa biashara. Leo kamsifu Kidevu mbele yangu! Mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi naye mshauri. Mke wangu kasema kosa langu ni maneno mengi. Eti mteja akiniuliza saa, naanza na jua lilivyoumbwa. Uongo! Naanza na mzunguko wa dunia.

Jumanne, 4 Machi
Mpango: kusikiliza. Nieleze kidogo. Mteja hutoa la moyoni pale mshauri anaponyamaza. Kwa hiyo nitaitikia kwa kichwa, kisha nihesabu hadi kumi kabla ya kufungua mdomo. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Shingo inauma.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Mama Tanuri kaongea saa nzima. Mimi kichwa juu, kichwa chini, nahesabu. Kuagana, kanishika mikono yote miwili: leo, Mwalimu, umenitua mzigo. Kidevu na ale jeuri yake!
Jambo moja tu linanitia baridi. Alisema nini? Nilipofika saba nilisikia akimtaja shemeji yake, mchomaji mikate. Nikaendelea na nane.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwisha. Shemeji kaachishwa kazi! Miaka kumi na tisa mbele ya moto ule. Kaambiwa Mwalimu mwenyewe kaafiki, tena mara tatu. Mikono yake ni magogo mawili. Asubuhi kabisha hodi kwangu. Mke wangu kamjibu: karibu, shemeji, yupo nyuma ya kabati. Mke gani huyu?
Nikatoka. Hakunigusa. Kauliza kwa upole, Mwalimu, mimi nilikukosea nini? Heri angenipiga.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwa Mama Tanuri. Nilikuwa na dibaji ya kurasa mbili. Ikayeyuka yote. Nikasema tu: Mama, juzi sikusikia hata neno. Nilikuwa nahesabu.
Safari hii niliogopa hata kuhesabu.
Kisha kaangua kicheko, machozi kajifuta kwa aproni yenye unga. Kasema alikuwa na hasira na shemeji yake, alitaka mtu wa kumkataza asimfukuze, na akashangaa mpenda maelezo kama mimi sina hata swali moja. Katuma shemeji aitwe arudi. Mimi kanitilia sahihi ya miezi sita zaidi! Kidevu, kasema, hajawahi kukiri kosa hata moja, ndiyo maana hamwamini.

Jumamosi, 8 Machi
Usingizi mnono. Nimeipata siri! Nieleze. Imani ya mteja haiji kwa kusikiliza. Huja kwa kuungama. Jumatatu nina mteja mpya, mwenye duka la miwani. Nimeshamwandalia makosa matatu: dogo, la kati na kubwa, kila moja na maungamo yake.
Mke wangu kaja kuniambia jambo refu, nami niko katikati ya ungamo la pili. Nimeitikia kwa kichwa. Kaniuliza kama nina hakika. Nimeitikia tena.
Sasa namwona anapanga nguo kwenye sanduku. Zangu.