Kona ya Ndani, Kilima cha Kapelleberg

Jumatatu, 31 Machi

Daktari amesema zimebaki siku tu. Mapafu ya kaka Achiel yamekwisha. Nilisimama kwenye ujia wa hospitali na kofia mkononi, nikamwambia daktari asante. Sijui asante ya nini.

Kaka anataka jambo moja tu. Jumapili, mbio za baiskeli za Mzunguko wa Flandria zikionyeshwa, nikae kwenye kile kiti cha plastiki kando ya kitanda chake, tutazame pamoja na kuwatukana watangazaji pamoja. Mwaka huu kilimani hatuendi, akasema. Nikaahidi. Nikalia kidogo. Akaniambia nilie pembeni, namzibia runinga.

Nikarudi nyumbani kwa njia ya Kapelleberg. Kosa! Kwenye kona yetu, upande wa ndani, pale tunaposimama mimi na Achiel kila mwaka kutazama mbio, tangu tulipokuwa na nywele, nani yupo? Marnix Lootens. Anapima ardhi kwa hatua!

Sheria ya kilima inajulikana na kila mtu. Ukikosa mwaka mmoja, mahali si pako tena. Marnix amesimama upande wa nje, kwenye matope na mtaro, miaka yote hii, na sasa anangoja kaka yangu afe. Sijawahi kumpenda. Anakula viazi vyake bila chumvi.

Jumanne, 1 Aprili

Mpango! Nimepeleka karavani yangu, ile nyumba ya magurudumu, kwenye kona mapema. Pazia nimefunga, taa nimewasha, redio inaimba, viatu vya mpira viko mlangoni. Marnix akipita ataamini nimo ndani. Jumapili nitakuwa hospitalini kama nilivyoahidi, na kona itabaki yangu. Nimejipongeza kwa bia.

Mke wangu Godelieve kauliza redio ya jikoni imekwenda wapi. Nimemwambia imeharibika.

Jumatano, 2 Aprili

Mpango umekufa. Marnix kagonga mlango wa karavani, kimya. Kagonga tena, kasikia redio, akadhani huzuni imeniangusha humo ndani. Akaita gari la wagonjwa! Wazima moto nao wakaja na shoka. Nilipofika, mlango wangu ulikuwa mtaroni na nusu ya kijiji ilikuwa inatazama soksi zangu.

Polisi kasema karavani isiyo na mtu itavutwa, mwenyewe awe nani.

Marnix alikuwa analia kweli, makamasi na yote. "Firmin, ndugu yangu, nilijua umeshatutoka!" Kisha, mbele za watu, akajitia wema. Niende nikakae na kaka yangu Jumapili, yeye atanishikia kona. Atakayesogea atamtumbukiza mtaroni, haki ya mama yake.

Ndiyo kwanza nione paka akiomba kulinda maziwa. Nikamwambia nitafikiri.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefikiri. Mpango wa pili ni bora kuliko wa kwanza mara kumi. Nitakuwa na Achiel, na nitakuwa kwenye kona. Kwa njia ya runinga! Yeye atakuwa anatazama, mimi nitakuwa natazamwa. Ahadi itakuwa imetimia.

Nimechukua shuka la harusi la Godelieve, lile la kitani zito, nikaandika kwa rangi nyekundu: NIPO NAWE ACHIEL. Fito mbili, huku na huku. Mwenye macho haambiwi tazama.

Godelieve alipanda darini kuona nafanya nini. Ikabidi akae kwenye ngazi ya juu kabisa, anahema, mkono kifuani. Amekuwa hivyo tangu Krismasi. Pumzi ilipomrudia alilitazama shuka lake kwa muda mrefu. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema. Nikamuuliza sikio la nani. Akashuka polepole.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemweleza Achiel mpango. Alisikiliza, na ule mrija wa hewa puani. Amekonda hata saa yake imepanda hadi kwenye kiwiko.

"Shuka ninalo hapa kitandani, mdogo wangu," akasema. "Mimi nataka mtu."

Nikamfafanulia ukubwa wa herufi. Nikamkumbusha Marnix, matope, sheria ya kilima. Akafumba macho. Nimechukulia kwamba amekubali.

Godelieve amesema kiti cha plastiki atakikalia yeye. Nimemshukuru. Amesema hafanyi kwa ajili yangu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nipo kilimani. Mvua inakuja kwa ubavu, inaingia kwenye karavani kupitia pale palipokuwa na mlango. Supu imepoa. Rangi ya bango imeanza kuchuruzika, ACHIEL anaonekana kama amechinjwa. Nimelitandaza juu ya jiko la gesi likauke. Limeungua kona moja. Si vibaya.

Marnix yuko ng'ambo ya barabara, kwenye mtaro wake. Jioni alivuka na chupa ya jeneva, ile pombe kali yetu, akanimiminia bila kuulizwa. Kauliza habari za kaka, kisha akaniomba, eti kwa wema, tubadilishane upande.

Nilijua hilo litakuja! Akadai upande wa ndani ni mzuri wa kuona, lakini si wa kuonekana. Pikipiki ya kamera, anasema, hupita nyuma ya waendeshaji. Wa upande wa nje inawakuta uso kwa uso. Wa ndani inawakuta wameshageuka kuwatazama vijana wakimalizia kilima. "We mwenyewe hugeuka kila mwaka, Firmin. Mgongo wako naujua kuliko uso wako."

Nilicheka hadi nikakohoa. Miaka yote anaitamani kona hii, na leo anaiomba kwa hila ya pikipiki! Nikanywa jeneva yake, nikamrudisha matopeni kwake.

Jumapili, 6 Aprili

Adhuhuri Godelieve alipiga simu. Achiel hali chochote, lakini macho yako wazi, yako kwenye runinga. Ameuliza mara mbili kama nimekuja. Amwambie nini? Nikasema amwambie akodoe macho kwenye kona ya Kapelleberg. Akakata simu.

Walikuja! Kwanza helikopta, kisha magari, kisha ule ukelele unaopanda kilima kabla ya baiskeli zenyewe. Niliinua bango. Vijana wanne mbele, nyuso za udongo, wanakanyaga pedeli juu ya mawe yaliyotandikwa barabarani wakitetemeka mpaka mashavu. Walinipita karibu kiasi cha kunusa mafuta miguuni mwao. Sijawahi kuona shambulio zuri namna ile. Aliyekuwa wa tatu alichomoka nje ya kona, na mimi nikageuka kumtazama. Nani asingegeuka? Niligeuka na bango langu, na upepo ukanifunga ndani yake kama mtoto mchanga.

Nilipojifungua, pikipiki ya kamera ilikuwa imeshapita.

Ng'ambo, Marnix alikuwa amesimama mtaroni, maji magotini, ameinua kipande cha boksi kwa mikono miwili. ACHIEL JIPE MOYO. Uso wake umekunjuka wote kuelekea barabarani.

Godelieve alipiga tena kabla mbio hazijafika mwisho. Alizungumza taratibu sana. Walimwona Marnix vizuri, na boksi lake. Achiel alicheka. "Maskini, yuko mtaroni tena," akasema. Halafu skrini ikaonyesha mgongo na koti la mvua la kijani, na Achiel akanyoosha kidole. "Yule ni Firmin." Basi. Akaendelea kutazama kidogo, kisha hakuwa anatazama.

Hakujua nani ameshinda. Mimi ningemwambia. Ningekuwa pale ningemwambia.

Nimekaa kwenye ngazi ya karavani. Kaka yangu amekufa na nina baridi. Marnix amekuja na blanketi, akaniwekea mabegani, akakaa chini kwenye majani. Nilimwachia akae. Kwenye upande wake wa barabara hapakuwa na mtu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mazishi. Juu ya jeneza waliweka kofia yake ya mbio, ile iliyopauka. Padri alisema Achiel sasa anapanda kilima kisicho na mwisho. Achiel angemtukana.

Marnix alikuwa miongoni mwa wabebaji. Baadaye ukumbini, kwenye mikate ya nyama na kahawa, watu walipanga mstari kumshika mkono. Marnix! Kwamba alimpa marehemu kicheko cha mwisho. Binamu zetu kutoka Izegem walimbusu. Kwangu walikuja pia, wakasema pole, wakatazama viatu vyao. Mmoja akasema alinijua kwenye runinga kwa koti.

Godelieve hakula. Alishindwa kutoka makaburini hadi ukumbini bila kusimama, akasimama mara kadhaa, ameshika ukuta. Nilimngoja kila mara, ingawa kahawa ilikuwa inapoa.

Mwishowe Marnix alinikumbatia, akanililia shingoni. Nami nililia, sikuona aibu. Nilipojipangusa, nikamuuliza alisimama wapi hasa. Kabla ya ule mti au baada yake? Na boksi alilishika kimo gani, kifuani au juu ya kichwa? Alinitazama sana. Kisha akanieleza yote, maana si mtu wa kinyongo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimempeleka Godelieve kwa daktari wa moyo. Ni vali ya moyo. Lazima apasuliwe, na si jambo dogo kwa umri wake, daktari hakutuficha. Tarehe imepatikana: Jumatano, tarehe 23.

Ndani ya gari tulivuka reli. Kisha akaniambia anaogopa. Miaka yote ya ndoa sijamsikia akisema hivyo. Haombi kitu kingine, akasema. Akifumbua macho baada ya dawa ya usingizi, anataka kuniona mimi kwenye kiti.

Nikamshika mkono. Nikamwahidi kwa roho yangu yote, na nilimaanisha.

Nyumbani nimefungua kalenda. Tarehe 23 ni mbio za baiskeli za Huy. Kile kilima kikali wanachokiita Ukuta, zile kona mbili zinazofuatana, pale tuliposimama mimi na Achiel mwaka wa theluji! Godelieve atakuwa ameshazinduka kufikia alasiri. Nimepiga simu hospitalini kuuliza. Ndiyo, vyumba vyote vina runinga.

Kitambaa cha bango nimeshanunua, cha njano. Safari hii nitasimama upande wa nje. Godelieve atauona uso wangu vizuri kabisa.