Kodi ya Maboyi wa Mansour

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Bomba la barabara yetu limekufa tena. Papa Evariste, shefu wa barabara, anatafuta pesa za fundi. Mansour, mwenye duka la mbele yangu, ana boyi wa kupika, boyi wa kufua na mlinzi. Watatu! Kwa tumbo moja! Na watu wanamsalimia yeye kwanza. Leo nimesoma kwenye simu: zamani, katika miji ya Uskoti, nyumba yenye watumishi ililipa kodi. Wakizidi, na kodi inazidi. Watu wa akili, Waskoti.

Jumanne, tarehe 4
Nimempelekea Papa Evariste wazo langu: mwenye mtumishi alipie bomba, asiye naye apumzike. Ameniuliza tangu lini Likasi imekuwa Uskoti. Nimemjibu kiu haina nchi. Amecheka, amekubali. Estelle, mke wangu, anasema niachane na ya watu. Haoni mbali. Emérance, mtoto wa dada yangu anayekaa kwetu, amenipigia viatu rangi vizuri sana. Nilitoka nikiwa kama shefu kabisa.

Alhamisi, tarehe 6
Mkutano. Nilingoja Mansour apige kelele. Wapi! Amelipa palepale, watu wakampigia makofi. Makofi, kwa kodi yangu mimi! Kisha akauliza, kwa upole wake ule, yule binti anayebeba ndoo za maji kuja kwangu alfajiri ni nani. Nikasema ni mtoto wa nyumba. Papa Evariste akasema kesho atakuja kumwuliza mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 7
Nimemkalisha Emérance kwenye kiti changu kikubwa, kitabu mkononi. Nimemwahidi kitenge. Estelle kapewa kazi ya jikoni, kanuna. Papa Evariste kafika, kamwuliza binti kama ni boyi au ni mtoto wa nyumba. Emérance akajibu:
“Boyi iko na mushahara, Papa. Minye siko na mushahara.”
Nikapiga paja kwa furaha. Si mmesikia?
Lakini hakuwa amemaliza. “Mutoto wa nyumba anaenda masomo. Minye siko naenda. Sasa weye utuambie, minye ni nani?”
Kitabu alikuwa amekishika juu chini. Papa Evariste alinitazama, mimi nikatazama dari. Hukumu: nilipe kodi, na binti apewe mshahara au masomo. Nimeomba muda wa kufikiri.

Jumamosi, tarehe 8
Emérance amehama. Hakwenda mbali: amevuka barabara. Asubuhi anauza dukani kwa Mansour, mchana anajifunza ushonaji, na mshahara juu. Amenisalimia mbele ya wateja: jambo, mjomba. Kwa heshima kabisa. Ingekuwa afadhali anitukane. Nyumbani nilimwita kwa mazoea anipe maji. Estelle akanielekeza ndoo kwa kidole.

Jumapili, tarehe 9
Bomba linatoa maji. Wote wanamshukuru Mansour. Hakuna aliyeuliza wazo lilikuwa la nani.
Nimesoma zaidi. Waskoti walitozwa hata kwa mbwa! Mansour ana wawili, wakubwa kama ndama. Mimi sina mbwa. Yule anayelala mlangoni kwangu simfugi: anakula tu makombo yetu na kubweka wezi wakipita. Kesho mapema niko kwa Papa Evariste.